Kabla ya mechi ya nyota, waandikwe majina

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nichangie rai ambayo nimeisikia mara kwa mara miongoni mwa walimu wa michezo na wapenzi wa mpira wa kikapu, kwamba kila mashindano ya UMISSETA, yaani michezo ya shule za sekondari nchini, yanapofikia tamati wachaguliwe wasichana bora kutoka mikoa yote, wagawanywe katika timu mbili, wacheze mechi moja maalumu ya nyota mbele ya makocha wa klabu na wageni kutoka vyuo vikuu, kama wafanyavyo Wamarekani kila mwaka. Rai hiyo siipingi. Ninachokitilia shaka ni mpangilio wake, kwa maana mechi ya Wamarekani tumeitazama kuanzia mkiani: tumeona taa, jezi mpya na kamera za televisheni, tukadhani hayo ndiyo yanayomfikisha msichana mahali, ilhali kazi yenyewe ilikuwa imekwisha kufanyika miezi mingi kabla, kwa karatasi na kalamu, na sehemu yake kubwa imefanywa na vyombo vya habari. Ndiyo sababu barua hii nimeileta kwako badala ya kuipeleka kwa wenye mamlaka ya michezo.

Mechi inayotajwa zaidi ni ile inayodhaminiwa na kampuni ya McDonald's, inayowakutanisha wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari. Ya wavulana ilianza kuchezwa mwaka 1978. Ya wasichana ilisubiri hadi mwaka 2002, ilipochezwa New York siku moja na ya wavulana, na tangu hapo mechi hizo mbili huandaliwa pamoja, katika mji mmoja na chini ya mwavuli mmoja. Yaani ilipita miaka 24 kati ya kaka na dada, ingawa sheria inayojulikana kwa jina la Title IX, ambayo inakataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayogharimiwa na serikali kuu, ilikuwa imepitishwa tangu 1972, na ligi ya kulipwa ya wanawake, WNBA, ilikuwa imeshaanza mwaka 1997. Mwaka ule wa sheria kupitishwa, wasichana waliocheza michezo katika sekondari za Marekani hawakufika 300,000. Leo wanazidi milioni tatu. Nalitaja hilo ili tusidhani kwamba wenzetu walizaliwa wakiwa wamelitambua jambo hili. Walisukumwa na sheria, wakasukumwa na wazazi wenye binti, na hata hivyo wakachelewa.

Uchaguzi wao hufanyika hivi. Yanapendekezwa majina mia kadhaa kutoka pande zote za nchi, kisha kamati ya watu wanaofuatilia michezo ya sekondari mwaka mzima huyachuja hadi wakabaki wasichana 24, kumi na wawili wa timu ya Mashariki na kumi na wawili wa Magharibi. Orodha hutangazwa mwezi Januari. Mechi huchezwa mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili. Sasa msomaji azingatie jambo moja ambalo sisi huku hulipita haraka: kufikia siku hiyo, wengi wa wasichana hao wanakuwa wameshakubaliana na vyuo vikuu watakavyokwenda, kwa kuwa dirisha la kwanza la kutia saini hufunguliwa Novemba ya mwaka uliotangulia. Kocha wa chuo anayekaa jukwaani usiku ule hakuja kutafuta mchezaji. Mchezaji alimpata zamani, kwa kusoma matokeo, kwa kupiga simu kwa walimu, kwa kusafiri kwenda kumwona akicheza katika ukumbi wa shule yake. Mechi ya nyota ni sherehe ya jambo lililokwisha.

Kwa anayeujua mchezo, mechi yenyewe hata haina uzito mkubwa. Wachezaji wamekutana siku chache tu, ulinzi haujafundishwa ukashika, kila mmoja anataka kuonyesha alichonacho, na mara nyingi anayekwenda kikapuni anaachiwa njia kama bibi harusi. Mwaka 2016 Sabrina Ionescu alifunga pointi 25, ambayo ilikuwa rekodi ya mechi hiyo kwa wasichana, akachaguliwa mchezaji bora wa siku. Ni jambo zuri, lakini si hilo lililomjenga. Baadaye, akiwa Chuo Kikuu cha Oregon, alikuwa mchezaji wa kwanza katika daraja la juu la vyuo vya Marekani, awe mwanamume au mwanamke, kufikisha pointi 2,000, ribaundi 1,000 (mipira inayodakwa baada ya kukosa kikapu) na pasi za mabao 1,000. Tunazijua hesabu hizo kwa sababu katika kila mechi aliyocheza palikuwa na mtu mezani aliyekuwa akiandika, na siku ya pili yake palikuwa na gazeti lililochapisha alichoandika.

Kuna usiku mmoja tu ambao ningekubali kwamba tamasha lenyewe lilifanya kazi ambayo karatasi isingeweza. Mwaka 2004, huko Oklahoma City, katika shindano la kudanki, yaani kuruka na kuusukumia mpira kikapuni kutoka juu, linaloambatana na mechi hizo, Candace Parker, msichana wa sekondari kutoka Naperville, Illinois, alishindana na wavulana, wakiwemo J.R. Smith na Josh Smith ambao muda mfupi baadaye waliingia NBA, ligi ya kulipwa ya wanaume, akawashinda. Yapo mambo ambayo hayaaminiki hadi yaonekane kwa macho, na hilo lilikuwa mojawapo. Lakini hata yeye jina lake lilikuwa limeshaandikwa sana kabla ya usiku ule. Waliokuwa wakisoma habari za sekondari hawakushangaa hata kidogo.

Ushahidi ulio wazi zaidi ni wa mwaka 2020. Mechi ya mwaka huo ilipangwa kuchezwa Houston, orodha ikatangazwa Januari kama kawaida, kisha corona ikaingia na kila kitu kikafutwa. Hakuna msichana aliyevaa jezi, hakuna aliyetupa mpira kikapuni, hakuna mchezaji bora aliyechaguliwa. Lakini katika orodha ile walikuwemo Caitlin Clark wa Iowa, Paige Bueckers wa Minnesota, Angel Reese wa Maryland na Cameron Brink wa Oregon. Miaka mitatu baadaye Reese aliiongoza timu yake ya LSU, Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, kukifunga Chuo Kikuu cha Iowa cha Clark katika fainali ya taifa ya vyuo. Mwaka 2024 Clark alimaliza chuo akiwa na pointi 3,951, akiwa amewapita wanawake na wanaume wote waliowahi kucheza katika daraja lile, akachaguliwa wa kwanza kuingia WNBA. Mwaka uliofuata Bueckers naye akachaguliwa wa kwanza. Anayetaka kujua kama mechi ya nyota ndiyo iliyowafikisha pale, jibu ni kwamba mechi haikuchezwa. Ilikuwepo orodha, na nyuma ya orodha ilikuwepo miaka minne ya matokeo yaliyoandikwa mechi kwa mechi.

Tena orodha za namna hii ni za zamani kuliko mechi hiyo ya wasichana. Tangu miaka ya 1970 jarida la Parade, lililokuwa likisambazwa ndani ya magazeti ya Jumapili kote Marekani, lilikuwa likichapisha kila mwaka majina ya wasichana bora wa sekondari katika mpira wa kikapu. Hapakuwa na ukumbi wala tiketi. Palikuwa na majina, shule na picha ndogo, basi. Cheryl Miller wa Riverside, California, aliingia katika orodha hiyo mara nne, na kabla yake hakuna mchezaji yeyote, wa kike wala wa kiume, aliyekuwa amefanya hivyo. Ni huyo huyo aliyefunga pointi 105 katika mechi moja ya shule mwaka 1982, kisha akatwaa dhahabu ya Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984. Miaka minane baada ya zile pointi 105, Lisa Leslie wa shule ya Morningside, Inglewood, alifunga pointi 101 kabla ya mapumziko, na timu pinzani ikakataa kurudi uwanjani kwa kipindi cha pili. Binafsi sioni raha ya kumkamua mpinzani dhaifu kiasi hicho, na kama ningekuwa mwalimu wa timu ile ningemtoa binti yangu nje mapema. Hata hivyo nashangazwa na kitu kingine: ilikuwa mechi ya kawaida ya shule mbili za sekondari, siku ya kawaida, na zaidi ya miaka 30 baadaye mimi niliyeko Tanga naijua hesabu yake hadi pointi ya mwisho.

Sasa tuje kwetu. Kwanza, mechi ya nyota sisi tunayo tayari, tena si moja. Timu inayokwenda UMISSETA ngazi ya taifa haiwakilishi shule moja. Ni kombaini ya mkoa. Msichana amechujwa shuleni kwake, akachujwa katika wilaya, akachujwa tena mkoani, akaingia kambini na wenzake ambao mwezi uliopita walikuwa wapinzani wake. Kila mechi ya wasichana inayochezwa pale, iwe Tabora, Mtwara au kwingineko, ni timu moja ya nyota dhidi ya nyingine. Tulichokikosa ni kumbukumbu ya nani alikuwa nyota.

Nimekaa meza ya alama kwa miaka mingi ya utumishi wangu na najua kumbukumbu hizo huishia wapi. Kwa kanuni za FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, karatasi ya alama huwa na nakala nne za rangi tofauti: nyeupe ya FIBA yenyewe, bluu ya waandaaji, ya waridi ya timu iliyoshinda na ya njano ya timu iliyoshindwa. Kikapu cha pointi mbili huandikwa kwa mstari wa mshazari juu ya hesabu, mtupo huru kwa duara dogo lililojazwa wino, na aliyefunga pointi tatu namba yake huzungushiwa duara. Ukiishika karatasi iliyoandikwa vizuri unaweza kuisoma mechi nzima kama hadithi: nani alianza vizuri akachoka robo ya tatu, nani aliingia kutoka benchi akageuza mambo, nani alipewa mitupo huru minane akaingiza mmoja. Katika mashindano ya ngazi za chini niliyoyahudumia, mara nyingi karatasi yenyewe ilikuwa fotokopi moja tu ya fotokopi, mistari imefifia, na katika safu ya majina palikuwa na namba peke yake.

Na namba zenyewe zilikuwa na kisa. Timu nyingi zilikuwa na seti moja ya jezi, inayovaliwa na wavulana asubuhi na wasichana alasiri, au inayoazimwa kutoka shule jirani. Msichana aliyevaa namba 9 leo, kesho anakuta jezi hiyo imeshachukuliwa na mwenzake aliyewahi, naye anavaa 14. Mwisho wa mashindano ukitaka kujua namba 9 alifunga pointi ngapi kwa jumla, utakuwa unajumlisha pointi za mabinti wawili au watatu. Nimewahi kumwona kocha wa klabu moja, mtu aliyefunga safari kwa nauli yake kuja kutafuta vipaji, akiwa ameinamia karatasi hizo baada ya fainali, anauliza mwenye jezi hii ni nani, na walimu wawili wakimpa majina mawili tofauti. Jioni ile magari yalikuwa yakipakia wanafunzi kurudi wilayani. Hakumpata aliyekuwa akimtafuta, na nadhani hadi leo hakumpata.

Msomaji atasema kwamba kipaji hakifichiki. Kipo kipaji kisichofichika, ni kweli. Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam aliyechaguliwa wa pili kuingia NBA mwaka 2009, ana urefu wa takribani mita 2.21, na mtu wa kimo hicho hahitaji karatasi ya alama ili aonekane. Mwadi Mabika wa Kinshasa aliingia WNBA mwaka 1997, msimu wa kwanza wa ligi hiyo, baada ya timu ya wanawake ya Zaire kufika Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996 na dunia ikamwona. Lakini binti wa kimo cha wastani anayepanga mashambulizi ya timu, anayegawa pasi, anayemnyang'anya mpinzani mpira mara sita katika mechi, huyo ubora wake hauonekani kwa kupita barabarani. Ubora wake uko katika hesabu. Hesabu ikipotea, naye amepotea, na kwa bahati mbaya wachezaji wa aina yake ndio wengi zaidi katika sekondari zetu.

Mhariri, nisingependa kuonekana nimekuja kulalamika nyumbani kwako, lakini habari za wasichana hawa zinapoandikwa magazetini, kwa ujumla wake zinafuata mtindo mmoja. Inaanza na mgeni rasmi: jina lake, cheo chake, kisha nasaha zake kwa vijana kuhusu nidhamu na kujiepusha na makundi mabaya, aya tatu au nne. Inafuata shukrani kwa wadhamini. Matokeo ya mpira wa kikapu kwa wasichana, kama yapo, yanakuja mstari wa mwisho, mkoa gani umeufunga mkoa gani. Aliyefunga hatajwi. Jirani zetu wa Kenya wamepiga hatua mbele yetu kidogo, kwani jina la shule ya wasichana ya Kaya Tiwi ya Kwale limevuka mpaka na wapenzi wa kikapu wa pwani yote wanalijua. Hata huko, mwulize mtu akutajie wasichana watano waliowahi kuichezea, utaona anavyotafuta maneno. Tumezoea kuisifu shule na kumsahau mtoto, wakati shule haitahamia klabu wala haitaomba nafasi chuoni.

Ninachoomba ni kidogo. Katika hatua ya taifa ya UMISSETA, na ikiwezekana katika mashindano ya shule za sekondari za Afrika Mashariki, FEASSSA, ambayo yamewahi kufanyika hata hapa kwetu Arusha, gazeti lichapishe kwa kila mechi ya wasichana majina ya wachezaji wote waliocheza, shule anayotoka kila mmoja, pointi alizofunga, mitupo huru aliyopata na aliyoingiza, na faulo zake. Herufi ziwe ndogo. Haihitaji nafasi kubwa kuliko lile tangazo la mtu aliyepotelewa na hati ya kiwanja. Mwisho wa mashindano, waandishi walioshuhudia, waamuzi na makocha wa mikoa wapige kura, na gazeti lichapishe majina 24. Likipatikana shirika la kudhamini mechi ya nyota siku ya pili yake, alhamdulillahi, ichezwe na mimi nitalipa kiingilio. Lisipopatikana, majina yatakuwa yamechapishwa na hakuna atakayeyafuta.

Najua pingamizi zitakazoletwa, na lililo zito kwangu ni moja tu. Hawa ni watoto. Wengi wao hawajatimiza miaka 18, na si busara kutangaza habari zao ovyo katika zama hizi za simu ambapo mtu asiye na nia njema anaweza kumtafuta binti wa watu kwa kubonyeza tu. Nakubaliana na hofu hiyo. Kwa hiyo jina, shule na hesabu za uwanjani vinatosha. Namba za simu, mitaa wanakoishi na kurasa zao za mitandaoni visiguswe, na anayetaka kumfikia mchezaji apitie kwa mkuu wa shule na mzazi. Picha nayo iwe kwa ridhaa ya mzazi. Hapa pwani lipo suala ambalo wahariri walioko mbali huenda hawalioni: baadhi ya wazazi hawana kinyongo na binti kucheza wala na jina lake kusomwa, ila picha yake akiwa anaruka gazetini ndiyo inayowasumbua. Tangu FIBA iliporuhusu vifuniko vya kichwa mwaka 2017, wasichana wanaojistiri hawana tena sababu ya kikanuni ya kubaki nje ya mashindano rasmi, na ingekuwa ajabu waruhusiwe kuingia uwanjani kisha wakimbizwe na kamera. Jina halimvui mtu hijabu.

Wapo watakaosema orodha italeta upendeleo, kwamba Dar es Salaam yenye viwanja vya Jakaya Kikwete Park, Don Bosco na Uwanja wa Ndani wa Taifa itajaza majina yake, na binti wa Rukwa au Lindi anayefanyia mazoezi kwenye udongo, kwa mpira wa wavulana wa saizi namba 7 badala ya namba 6 iliyowekwa kwa wanawake, atakosa nafasi. Upendeleo utakuwepo, hata orodha za Marekani zinalalamikiwa kwamba zinawaona zaidi wale ambao wazazi wao wanaweza kugharimia mashindano ya klabu ya kiangazi. Lakini upendeleo ulioandikwa unaweza kupingwa. Mwalimu wa Sumbawanga akiona orodha haina binti yake aliyeongoza kwa ribaundi, ataandika barua kama hii akiwa na hesabu mkononi, na wewe utaichapisha. Leo hana cha kuandika. Kuhusu masomo, sitasema mengi: nimefundisha darasani muda mrefu kuliko nilivyofundisha uwanjani, na sijapata kuona msichana aliyefeli mtihani kwa sababu pointi zake zilichapishwa gazetini.

Mashindano ya taifa kwa kawaida huwa katikati ya mwaka, kwa hiyo muda wa maandalizi upo. Shule ziagizwe kila mchezaji abaki na namba moja tangu mechi ya kwanza hadi ya mwisho, hata kama namba hiyo itaandikwa kwa kitambaa na kushonwa kwa mkono mgongoni mwa fulana. Karatasi ya alama iandikwe majina mawili ya mchezaji na shule yake kabla mpira haujarushwa, na mwamuzi asianzishe mechi hadi hilo limefanyika. Mwandishi wako aliyetumwa huko apewe nakala baada ya kila mechi, ya tano kwa hesabu ya FIBA, au aipige picha kwa simu yake kabla ya katibu wa mashindano hajaifunga ndani ya bahasha. Kama waandishi wako vijana hawajazoea kuzisoma karatasi hizo, walimu wastaafu wa michezo tupo katika kila mkoa, na kwa upande wangu niko tayari kukaa nao mezani wakati wa mashindano ya wilaya bila malipo, sharti langu likiwa moja, kwamba habari watakayoiandika ianze na aliyefunga pointi nyingi, na mgeni rasmi afuate baadaye.

Wako katika michezo,

Mwalimu mstaafu wa michezo,
Tanga.